Wahudumu wa afya wakibisha hodi, watazame na mikono yetu

Mhariri,

Juma lililopita wahudumu wa afya ya jamii walipita kwenye ploti yetu hapa Kaptembwa, Nakuru. Ni vijana wenye heshima na kazi yao wanaijua. Walipima presha, wakapima sukari, wakamweka mtoto wa jirani kwenye mizani, wakauliza kama kuna mtu anayekohoa kwa muda mrefu. Waliponifikia niliwanyoshea mikono yangu yote miwili nikawauliza kama wamefunzwa lolote kuhusu maradhi ya viungo vya vidole. Binti aliyeshika simu ya kuandikia aliitazama mikono yangu, akaniambia ukweli wake: "Hayo hatujafunzwa, mama. Lakini nyanya yangu ana vidole vya namna hiyo hiyo."

Nilimshukuru, na jibu lake ndilo limenifanya niandike barua hii. Nchi ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliozinduliwa rasmi Septemba 2023 na kupewa mikoba yenye vifaa vya kupimia. Wanaingia nyumba ambazo daktari hafiki. Naomba waongezewe jambo moja lisilohitaji mashine wala betri: wamshike mtu mikono, watazame vidole, waulize maswali mawili matatu, na wakiona dalili wamtume hospitalini mapema.

Mimi ni fundi wa nguo. Nimeshona sare za shule mjini humu tangu kabla Nakuru haijapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021, na mikono hii ndiyo inayolipa kodi na karo. Ninaugua baridi yabisi, ule ugonjwa ambao madaktari huuandika rumatoidi athritisi. Sizungumzii magoti ya wazee yanayolika kwa umri na kazi. Hayo ni maradhi mengine na matibabu yake ni mengine. Huu wangu mara nyingi huanza mtu akiwa kati ya miaka 30 na 60, wakati bado anatafutia watoto.

Ulinianza msimu wa Januari, wazazi wakiwa kwenye foleni ya sare. Asubuhi nilikuta vidole havikunjiki. Maungio ya kidole cha shahada na cha kati, pale vinapokutana na kiganja, yalikuwa yamevimba na kupata joto, mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Kutunga uzi sikuweza. Kifungo cha shati la mtoto wa darasa la kwanza kilinishinda kukipitisha kwenye tundu lake. Kufikia saa nne, chai ikishanywewa, mikono ilianza kufunguka, na kazi ya asubuhi ilikuwa imenipita. Juu ya hayo nilikuwa na uchovu ambao usingizi hauutoi. Nilikaa kwenye cherehani mchana na macho yanafumba.

Kwenye duka la dawa nilipewa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, nikaambiwa ni baridi ya Nakuru. Kliniki moja ya binafsi ilinipima damu, ikasema ni brusela, ugonjwa wa kuambukizwa na mifugo, nikachomwa sindano. Kwingine nikaambiwa ni gauti, niache nyama na maharagwe. Ninaelewa kwa nini walikisia hivyo. Huku Bonde la Ufa watu wanafuga na wanakunywa maziwa, brusela ipo kweli, na huumiza viungo kweli. Lakini hakuna aliyenishika vidole. Kila mmoja alisikia kwamba viungo vinauma, akaandika karatasi ya maabara. Majirani nao walikuwa na lao: fundi hupiga pasi kisha akanawa maji baridi, ndiyo maana baridi imemwingia mifupani. Imani hiyo nimeisikia hapa na nimeisikia kwetu Kakamega, na imewafanya wanawake wengi wajilaumu bure. Pasi na maji baridi havileti ugonjwa huu. Baridi ya Julai huwazidishia baadhi yetu maumivu, lakini mtu wa Kisumu au Mombasa huupata vilevile na jua likiwaka.

Aliyeutambua ni afisa wa kliniki, kijana mdogo, katika hospitali ya umma. Kabla hajaandika kitu alinishika mkono, akaibana safu ile ya maungio kutoka upande huu na upande huu, taratibu tu. Nilipiga yowe. Akauliza: asubuhi mikono inachukua muda gani kulegea, dakika chache au saa nzima? Ni mmoja au yote miwili? Na nyayo je, sehemu ya mbele inauma unapokanyaga chini ukitoka kitandani? Kisha akabonyeza vidole karibu na kucha, hapo hapakuuma. Alinieleza kwamba ugonjwa huu hupenda maungio ya chini na ya katikati ya vidole pamoja na kifundo cha mkono, na kwa kawaida huyaacha yale ya karibu na kucha. Vinundu vigumu vya pale karibu na kucha mara nyingi ni vya ule ugonjwa mwingine wa kulika kwa viungo.

Maswali hayo na kule kubana mkono havikuchukua muda mrefu kuliko kupima presha. Ndiyo hayo hayo ninayotaka wahudumu wetu wafunzwe. Vipimo vya damu vilifuata baadaye, na wasomaji wajue hili pia: kipimo cha rumatoidi fakta kinaweza kutoka safi hali mtu ni mgonjwa, na eksirei ya mwanzoni inaweza isionyeshe kitu. Mtu ambaye vidole vyake vimevimba mbele ya macho ya daktari asirudishwe nyumbani kwa sababu ya karatasi moja.

Tuelewane ugonjwa wenyewe ni nini. Ndani ya kiungo mna utando mwembamba, nami kwa kazi yangu nauelewa kama bitana ya koti: ukiwa nje huuoni, lakini ndio unaofanya vitu viteleze. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huugeukia utando huo na kuushambulia. Utando unavimba, unanenepa, unaanza kula gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, na mfupa wenyewe, na kano zinazoshikilia vidole zinalegea. Ndipo vidole vinapoinamia upande wa kidole cha mwisho na kubaki hivyo. Uvimbe hutulizwa kwa dawa. Mfupa uliolika haurudi. Madaktari wa viungo hutaka mgonjwa awe ameanza dawa ndani ya miezi 3 hadi 6 tangu dalili zitokee, na huku kwetu wengi huimaliza miezi hiyo wakitibiwa brusela wasiyo nayo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu duniani, na karibu asilimia 70 yao ni wanawake. Nikisoma hiyo asilimia 70 nawaona wanaofanana na ninaowajua: msusi wa Bondeni, mama mboga wa soko la Wakulima, wachumaji chai wa Kericho na Nandi, wanawake wa kwetu wanaopukuchua mahindi kwa vidole gumba hadi gunia lijae. Riziki yao yote iko vidoleni. Wanaume nao hawakuachwa. Christiaan Barnard, yule daktari wa Afrika Kusini aliyeongoza upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu mjini Cape Town Desemba 1967, alikuwa nao mikononi, na mwaka 1983 ulimfanya aache upasuaji.

Sasa dawa. Hapa pana jambo linalonitia hofu kuliko mengine, na nakuomba Mhariri usilikate hata kama barua imerefuka. Dawa kuu ya ugonjwa huu, methotreksati, humezwa mara moja kwa wiki. Si kila siku. Ikimezwa kila siku huharibu damu na kuumiza ini, na katika nchi mbalimbali watu wamekufa kwa kosa hilo. Sisi tumezoea bahasha ya dawa iliyoandikwa moja mara tatu au moja mara moja, na mtu humeza kila siku kwa mazoea. Chagua siku yako na umwambie mtu wa nyumbani. Yangu ni Jumapili jioni. Binti yangu ameiandika juu ya pakiti kwa kalamu nene. Dawa hiyo huandamana na asidi ya foliki, ile ile wanayopewa akina mama wajawazito kliniki, ili kupunguza madhara. Damu na ini hupimwa kila mara daktari anapoagiza, na pombe inafaa iachwe, iwe bia au chang'aa. Mwanamke anayetaka kupata mtoto lazima amwambie daktari mapema, kabla hajashika mimba, kwa sababu methotreksati humdhuru mtoto tumboni. Zipo dawa nyingine anazoweza kubadilishiwa.

Na usitarajie tofauti wiki ya kwanza. Huchukua wiki 6 hadi 12 kuanza kuonekana. Wengi huitupa kabla ya hapo na kurudia sindano ya dukani, kwa sababu ile hutuliza siku hiyo hiyo. Hutuliza maumivu, ndiyo, lakini haizuii mfupa kulika, na dawa za jamii ya diklofenaki zikitumiwa kiholela huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza uvimbe, nayo ina kazi yake kwa muda na kwa kipimo cha daktari. Aliyeizoea asiikate ghafla. Ninaowaogopa ni wauzaji wa unga usio na jina pale stendi, unaoondoa maumivu usiku mmoja. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuta steroidi zimefichwa ndani ya dawa za viungo zinazouzwa kwa jina la mitishamba. Mtu hupata nafuu ya haraka, uso ukamvimba, sukari ikapanda, na vidole vikaendelea kuharibika.

Nilikuwa tayari kwenye dawa nilipopelekwa kwa mtaalamu wa tiba kazi. Watu wengi hawajui kama wataalamu hawa wapo. Ni wao wanaomfundisha aliyepigwa na kiharusi kushika kijiko upya au kujivika shati. Huyu wangu alikuwa na chumba kidogo mwisho wa korido, meza moja na viti viwili. Hakuniambia niache kushona. Aliniuliza mikono yangu inafanya nini kuanzia ninapoamka hadi ninapolala, nami nikamtajia kimoja kimoja. Tulipofika kwenye ugali akanisimamisha. Akanipa rula, akasema, "Mama, nionyeshe."

Nikamwonyesha ugali wa watu sita. Vidole vimeubana mwiko mwembamba kwa nguvu zote, kifundo cha mkono kimepinda, na kila mzunguko unavisukuma vidole kuelekea upande wa kidole cha mwisho, upande ule ule ambao ugonjwa unavipeleka. Akaigeuza rula mkononi mwangu. Mwiko ushikwe kwa ngumi, kidole gumba kikiwa juu na mti ukitokea upande wa chini wa ngumi, kifundo kinyooke, nguvu itoke begani. Na mpini unenepeshwe, kwa sababu kitu chembamba hulazimisha vidole vijikunje sana na kubana sana. Niliporudi dukani nilichukua vipande vya sponji ya godoro, nikauzungushia mpini wa mwiko, nikashonea juu yake kitambaa kilichobaki cha suruali za shule, nikatia utepe wa kufungia ili kikichafuka kivuliwe kifuliwe. Kisu nacho nikakifanyia hivyo, na mswaki, na biro ya kuandikia vipimo. Usipokuwa na sponji, kipande cha tyubu ya baiskeli kinafaa, na hakitelezi.

Hata hivyo kwa ugali wa watu sita jibu la kweli ni mtu mwingine asonge. Kwetu mwanamume akisonga ugali na mke yumo nyumbani, watu husema. Mume wangu aliyasikia maelezo yale akiwa ameketi nami, na tangu siku hiyo mwiko wa jioni ni wake. Majirani wamesema wakachoka. Namtaja kwa sababu waume wengi wema hudhani msaada ni nauli ya hospitali peke yake. Mkono ulioponea dawa Jumapili unaweza kuumizwa na kazi za nyumbani Jumatatu, na mwenye kuuona ni yule anayeishi nawe.

Yaliyobaki aliyonifunza yanafuata njia moja: kazi ya vidole ipewe kiganja, ya kiganja ipewe mkono mzima, ya mkono mmoja ipewe miwili. Mfuko wa soko usining'inie kwenye vidole. Utundike begani au uukumbatie. Mtungi wa maji ujae nusu, hata kama ni kurudi mferejini mara ya pili. Kikombe cha chai kibebwe kwa viganja viwili. Kifuniko kigumu kiwekewe kitambaa kibichi na kusukumwa kwa kiganja kilichonyooka, si kwa ncha za vidole. Ukiinuka kwenye kiti usijisukume kwa ngumi, na ukikaa kuwaza usiegemeze kidevu juu ya vidole vilivyokunjwa. Sukuma wiki mama mboga akukatie. Wengi hukata bila malipo ya ziada ukiomba vizuri. Shuka iliyolowa usiikamue kabisa. Ianike ikitiririka maji, au mwite kijana wa nyumbani aikamue. Kukamua ndiko kulikokuwa kunanirudisha kitandani kila Jumamosi na sikujua.

Dukani nako kumebadilika. Mkasi mzito wa chuma, ule wa kukata kaki na suruali za wavulana, umeenda kwa mwanafunzi wangu. Wangu wa vitambaa vyepesi nimeuvisha matundu yake kitambaa laini ili chuma kisikandamize kidole gumba, na kwa nyuzi natumia kile kimkasi kisicho na matundu, kinachobanwa kiganjani na kujifungua chenyewe. Meza ya kukatia nimeiinua kwa matofali, nikatie nikiwa wima na kifundo kikiwa kimenyooka. Pindo za mkono huwa sizimalizi kwa mkao mmoja. Nikishona kidogo naweka sindano chini, nanyoosha vidole juu ya meza, ndipo naendelea. Kushika kitu kimoja kwa nguvu na kwa muda mrefu kunaumiza kuliko kazi nyingi ndogo ndogo zilizobadilishwabadilishwa. Usiku navaa banzi la plastiki, lililolainishwa kwa maji moto na kufinyangwa kufuata mkono wangu, ili kifundo na vidole vilale vimenyooka. Pete niliivua mapema, vidole vikiwa bado vinairuhusu, na nawashauri wenzangu wavue zao kabla hazijahitaji msumeno.

Kuna wanaoamini kwamba mkono mgonjwa usichezeshwe. Mtaalamu yule alinieleza utafiti uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 490, matokeo yakatolewa na jarida la Lancet mwaka 2014. Waliofundishwa mazoezi ya mikono, ya kunyoosha na ya kutia nguvu, wakayaendeleza nyumbani, walikuwa na mikono inayofanya kazi vizuri zaidi baada ya mwaka mmoja kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida, na maumivu hayakuzidi. Mazoezi yenyewe hayana gharama. Asubuhi naweka beseni la maji ya vuguvugu, natumbukiza mikono, nakunja vidole polepole hadi ngumi na kuvinyosha. Nikiitoa naigusisha ncha ya kidole gumba kwenye ncha ya kila kidole. Natanua vidole na kuvirudisha pamoja. Nainua kifundo juu na kukishusha. Kisha naweka kiganja mezani, na kidole kimoja kimoja, kuanzia cha shahada, nakitembeza kuelekea upande wa kidole gumba. Hilo ni la kuvizuia vidole visiiname upande ule mbaya. Kwa nguvu, hospitalini wana udongo laini wa kufinyanga. Mimi natumia donge la unga wa chapati. Nalibana kwa mkono mzima, nalifinya kati ya kidole gumba na vingine, na nikimaliza linasukumwa likapikwa, ingawa kusukuma ni kwa binti yangu.

Kipimo cha kujua kama umezidisha ni hiki: maumivu yaliyoongezeka yakikaa zaidi ya saa 2 baada ya zoezi, kesho punguza. Na siku ambazo ugonjwa umepanda, viungo vyekundu na vya moto, acha ya nguvu, fanya ya kunyoosha tu kwa upole, weka kitambaa cha maji baridi, pumzika. Mtu mwenye ugonjwa huu akipumzika mchana asiitwe mvivu. Uchovu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na mara nyingi damu nayo huwa imepungua.

Haya yote niliyapata kwa kuwa nilibahatika kufika kwenye chumba kile. Mwanamke wa Mumias au wa Kuresoi hatakifikia kwa urahisi. Madaktari bingwa wa viungo nchini ni wachache na wengi wako Nairobi. Lakini afya ni jukumu la kaunti tangu mwaka 2013, na maafisa wa kliniki na wataalamu wa tiba kazi wanafundishwa humu humu nchini. Naziomba kaunti za Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma na jirani zao ziajiri wataalamu wa tiba kazi hadi hospitali za kaunti ndogo, angalau wawe na siku yao ya kupokea wagonjwa wa mikono. Naomba methotreksati na asidi ya foliki zisikosekane kwenye maduka ya dawa ya hospitali za umma. Si dawa ngeni wala za anasa. Ziko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na methotreksati imetibu ugonjwa huu tangu miaka ya 1980. Mgonjwa anayeambiwa kila akienda kwamba dawa zimeisha hatimaye huacha kwenda, na vidole vinapinda akiwa ameketi nyumbani.

Waajiri pia wana sehemu yao. Mwenye saluni, mwenye kiwanda, mwenye shamba la chai au la maua kule Naivasha: mfanyakazi akikwambia asubuhi mikono haifunguki, mpe kazi nyepesi saa ya kwanza na ruhusa ya kliniki. Fundi mzuri aliyetibiwa mapema ataendelea kukufanyia kazi miaka mingi.

Na wewe unayesoma hili ukiwa umeanza kuona dalili, usisubiri vidole vipinde. Ikiwa maungio ya vidole yamevimba mikono yote miwili, asubuhi yanakakamaa zaidi ya nusu saa, na hali hiyo imeendelea wiki kadhaa, nenda hospitali ya umma, mwombe afisa akushike mikono. Mwambie una wasiwasi wa baridi yabisi. Ikiwa umeshapimwa brusela na kutibiwa na vidole bado vimevimba, rudi useme hivyo hivyo. Ukivuta sigara, acha; moshi huongeza uwezekano wa kuupata ugonjwa huu na huufanya uwe mkali zaidi.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Tarehe 12 Oktoba kila mwaka ni Siku ya Baridi Yabisi Duniani. Mwaka huu gazeti lako litenge ukurasa mmoja wenye michoro ya mikono: jinsi ya kushika mwiko, jinsi ya kubeba mtungi, mazoezi ya beseni na ya donge la unga, na kwa herufi kubwa onyo la dawa ya mara moja kwa wiki. Michoro iwe mikubwa, mtu asiyejua kusoma aifuate. Nitanunua nakala za kutosha, moja niibandike dukani kwangu, nyingine nizipeleke kwenye saluni za jirani, kwenye posho mill na kwenye zahanati ya mtaa.

Fundi wa nguo,
Kaptembwa, Nakuru